Taarab asilia na kidumbak Unguja: nina siku kumi, nianzie wapi?

MsafiriWaMoro

Wakuu, habari za humu. Nitakuwa Unguja siku kumi, nitalala Mji Mkongwe. Nataka muziki unaopigwa na watu mbele ya macho, si wa flashi na spika. Dansi naifahamu vizuri, bendi zake na mitindo yake, lakini taarab asilia na kidumbak, ndugu yake mwenye vyombo vichache, nimezisikia redioni tu.

Nikitafuta mtandaoni naletewa matangazo ya chakula cha jioni hotelini. Naomba kujua vikundi vikongwe vinapiga wapi, na mtu asiye na mwenyeji anaingiaje. Nasikia pia kwamba taarab yenyewe iko harusini. Hilo nalo linawezekana kwa mgeni? Halafu kuna suala la kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji pesa: unatoa kiasi gani, wakati gani, unampa nani? Sitaki kwenda kuharibu shughuli za watu. Bajeti yangu ni ya kawaida.

BarazaLaVuga

Karibu Unguja, ndugu.

Umezoea dansi la Dar, ambako bendi ina ukumbi wake, siku yake na kiingilio chake mlangoni. Taarab asilia haiendi hivyo. Vikundi hivi ni vilabu: vina wanachama, katibu, mshika fedha na chumba cha mazoezi, na vyombo vingi ni mali ya klabu. Maonyesho ya hadhara ni machache, na mara nyingi huwa ya sikukuu, ya serikali au ya tamasha. Kwa hiyo usikae kungojea tangazo la onyesho. Itafute klabu yenyewe.

Viwili vya kuanza navyo ni hivi. Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na ndiyo kongwe kuliko zote. Watu wa mjini huiita Malindi kwa sababu ya mtaa wake. Culture Musical Club ni ya mwaka 1958, ilianza kwa jina la Shime Kuokoana, na makao yake yako Vuga. Zote mbili unazifikia kwa miguu kutoka popote Mji Mkongwe. Usimuulize mtu "klabu ya taarab iko wapi", maana utapelekwa kokote. Taja jina la klabu.

Mazoezi huwa usiku baada ya sala ya Isha, tuseme kuanzia saa mbili na nusu au saa tatu. Siku hazina uhakika. Wiki yenye harusi au safari, mazoezi huahirishwa bila ya tangazo lolote, na wewe utakuta mlango umefungwa. Ndiyo maana usiende moja kwa moja usiku. Pita alasiri. Utakuta watu wamekaa barazani: toa salamu, ukikaribishwa kaa, na usianze kwa swali. Salamu za Unguja ni ndefu, ziache ziende zimalizike. Baada ya hapo uliza katibu anapatikana saa ngapi. Ukimpata mwambie jina lako, unakotoka, na kwamba unaomba kusikiliza mazoezi tu. Atakuambia usiku gani uje. Hilo neno la "tu" lina uzito, kwa sababu wengi huja na kamera na maswali ya utafiti tangu siku ya kwanza, na watu wamechoka nayo.

Siku ya mazoezi fika mapema, kaa pembeni mwa ukuta, na usitoke katikati ya wimbo. Usitarajie onyesho. Kipande kimoja cha fidla kinaweza kurudiwa mara kumi, mwimbaji akakatizwa katikati ya neno, waitikiaji wakaambiwa wameingia mapema. Kwa anayetaka kuujua muziki huu hapo ndipo penye faida, maana unausikia ukifumuliwa na kushonwa upya. Usiku mmoja wa mazoezi utakufunza zaidi ya chakula cha jioni mara tatu juu ya paa la hoteli, ambako unalipia chakula na muziki ni pambo la meza.

Mchango mpe katibu mwishoni, uuite mchango wa klabu. Ukimpa mpigaji mmoja mkononi, kesho yake pana manung'uniko na wewe umeshaondoka.

FundiKanuni

BarazaLaVuga kasema kweli kuhusu vilabu. Kuhusu hoteli simuungi mkono, nitarudi hapo chini.

Nianze na masikio. Wengi huenda kwenye taarab asilia wakatoka na usingizi, kwa kuwa hawajui wangojee nini. Onyesho kamili hufunguliwa na bashraf, kipande cha vyombo vitupu kisicho na mwimbaji, ambacho umbo lake lilikuja kutoka Uturuki kupitia Misri. Watu hupiga soga wakati wa bashraf wakidhani ni kupasha moto. Nyamaza usikilize. Hapo unajua kila chombo kimeshikwa na nani na kinasema nini.

Baada ya hapo mwimbaji wa kwanza anaitwa mbele, anaimba wimbo wake mmoja, anarudi kukaa na waitikiaji, anaitwa mwingine. Hakuna anayetawala usiku mzima kama ilivyo kwenye dansi. Wimbo mmoja unakula dakika kumi na kuendelea, na watu wakitunza sana ubeti hurudishwa, basi unarefuka.

Kinachomsumbua mgeni zaidi ni kutojua yuko wapi ndani ya wimbo, na dawa yake ni ushairi. Ubeti wa kawaida wa taarab una mistari mitatu. Kila mstari una mizani 16 iliyokatwa katikati, nane kwa nane, na kuna vina vya kati na vina vya mwisho. Mfano huu nimeutunga hapa hapa ili tuone umbo (nai, udi na kanuni ni vyombo, nitavitaja chini):

*Mgeni njoo kwa hodi, barazani jongelea*
*Sikiza nai na udi, kanuni ikipokea*
*Usije kwa ukaidi, ngomani ukapotea*

Hesabu: Mge-ni-njo-o-kwa-ho-di, ukitamka ile "m" peke yake, ni mizani nane. Kina cha kati ni "di", cha mwisho ni "ea". Mwimbaji akifika kwenye "di" hupumua, na hapo fidla humjibu. Mara nyingi anairudia nusu ya kwanza kabla hajakupa ya pili, na watu ukumbini wanangoja nusu hiyo ya pili kwa hamu, kwa kuwa fumbo limefichwa humo. Ukishaisikia ile kata ya katikati, hutopotea tena hata kama makamu, yaani ngazi ya sauti za wimbo, yamebadilika. Ubeti ukiisha huja kiitikio, kisha kipande cha vyombo, kisha ubeti mwingine.

Sasa pa kukaa. Kundi kamili lina fidla kadhaa, kodiani, nai (filimbi), udi (kama gitaa la shingo fupi), kanuni (nyuzi nyingi juu ya sanduku bapa), selo au besi kubwa, dumbak (ngoma ndogo) na rika (tari dogo), mbali na waimbaji. Yote yakipitishwa kwenye vipaza sauti vya ukumbi, kodiani na sauti ya mwimbaji hufunika kanuni na udi kabisa. Kwa hiyo usikae mbele ya spika hata kama kiti kiko wazi, na kinakuwa wazi kwa sababu hiyo. Tazama kanuni imewekwa upande gani, ukae upande huo huo, safu ya pili au ya tatu, uisikie kwa nyuzi zake zenyewe. Sauti ya mwimbaji itakufikia tu, haina pa kwenda. Pembe za nyuma ndizo mbaya kupita zote: besi hujikusanya kwenye kona na kuwa mngurumo mmoja.

Na jambo la kuchelewa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi, aghalabu ya samaki. Hewa ya Unguja ina unyevu. Ngozi hulegea, daraja hudidimia kidogo, na chombo kizima hushuka sauti. Fundi akiitoa chumba kikavu kuipeleka uwanjani karibu na bahari, lazima aikaze upya, uzi mmoja mmoja kwa ufunguo. Ukifika saa uliyoambiwa ukamkuta ameinama anakaza, jua kwamba kazi imeshaanza. Akianza kupiga mtazame mkono wa kushoto: kuna vibati vidogo mwanzoni mwa nyuzi, anavipandisha na kuvishusha baina ya beti. Hivyo ndivyo anavyotoka makamu ya rasti kwenda ya bayati bila kukaza upya. Kutoka kiti cha nyuma hutaviona.

Haya, hoteli. Hotelini hupiga watu watatu au wanne: udi, kanuni, fidla, dumbak. Wakipiga bila spika, nawe uko hatua chache kutoka kwao, hakuna pahala pazuri zaidi pa kujifunza sauti ya kila chombo kabla hujakutana na kundi zima. Kasoro zake ni kweli zipo: nyimbo hufupishwa, waitikiaji hawapo, meza zinazungumza. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: vinapigwa vyombo gani, na kuna spika? Ukiambiwa ni kinanda cha umeme na mwimbaji, nenda kwingine. Uliza pia kama unaweza kukaa kwa kinywaji bila kula. Nyengine hukubali ukifika baada ya wale wa chakula cha mwanzo.

Kuna na chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, watu wanakiita DCMA, kimefunguliwa mwaka 2002. Kinafundisha vyombo vya taarab pamoja na ngoma, na walimu na wanafunzi wake hufanya maonyesho ya hadhara. Kwa siku kumi zako ningelipia masomo mawili ya saa moja moja ya dumbak, siku ya kwanza na ya pili. Si kwa nia ya kuwa mpigaji. Ukishaijua "dum" ya katikati ya ngozi na "tak" ya ukingoni, kila wimbo utakaousikia siku nane zilizobaki utakuwa na sakafu ya kukanyaga.

BintNgambo

Kaka Msafiri, mie nijibu la harusi na kutunza, maana wanaume wa humu wataandika nusu.

Taarab ya harusi ni shughuli ya wanawake. Ukumbini wanaume ni wapigaji tu, na wao wenyewe wamekaa kwa adabu wakitazama vyombo vyao. Wewe huingii, hata ukiwa na barua ya chuo kikuu. Usiombe, utamtia mwenye shughuli katika aibu ya kukukatalia. Kama umefuatana na mke au dada, yeye anaweza kwenda, lakini kwa mwaliko. Mwaliko unatoka kwa mwenye harusi, si kwa kikundi, kwa hiyo amtafute mwenyeji wa kike: mwenye nyumba mnayofikia, muuza kanga, yeyote mwenye jamaa. Aulize kama kuna sare, yaani kitambaa kilichochaguliwa na wenye shughuli. Kama ipo ainunue na aishone. Na simu ibaki mkobani tangu mlangoni. Humo ndani watu wamevua mabuibui na mitandio, wamejipamba kwa ajili ya wenzao. Picha moja ikitoka nje ni ugomvi wa nyumba na nyumba. Pengine simu hukusanywa mlangoni, na ni sawa.

Ukitaka kuona harusi bila mwaliko, subiri beni. Ni msafara wa njiani, matarumbeta na trombone na ngoma kubwa, alasiri kuelekea magharibi, na watu wanafuata nyuma wakiimba. Njia haina kiingilio. Fuata nyuma au ukae pembeni, usitembee mbele ya wapigaji kwa kurudi nyuma ukipiga picha, watakugonga na tarumbeta bila ya kukusudia. Ukiona bwana harusi na jamaa zake wamegeuka kuingia nyumbani, msafara umekwisha na wewe umefika mwisho wako.

Kutunza. Hii mbele za watu utaiona kwenye maonyesho ya wazi, na wanaume hutunza pia. Kwanza, badilisha pesa mchana. Noti za 1,000 na za 2,000 ndizo zinazotakiwa, kumi hivi kwa usiku mmoja zinatosha. Mtu mwenye noti moja ya 10,000 anatoa mara moja na kukaa, wakati raha ya kutunza ni kurudi.

Wakati wake ni mwimbaji akiwa ndani ya ubeti au kiitikio. Bashraf haitunzwi. Vipande vya vyombo vitupu pia bora uviache, ila mpigaji akifanya la ajabu watu humtunza. Unainuka ukiwa na noti mkononi, umeinyanyua usawa wa bega au kichwa ionekane, unakwenda taratibu kwa mwendo wa wimbo kutokea ubavuni. Usikatize mbele ya fidla wala kanuni, kuna waya za mikrofoni chini na watu hujikwaa hapo kila mara. Unaiweka mkononi mwa mwimbaji au penye sahani ikiwa ipo, unageuka, unarudi ulikotoka. Usisimame kumwimbia usoni wala kumshika.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wageni huungua. Ukiinuka kutunza kwenye ubeti fulani, umesema kwamba ubeti ule ni maneno yako. Nyimbo zetu ni mafumbo. Ubeti ukisema habari ya mwizi wa mpenzi, ukainuka na noti huku unamtazama mtu, basi umemsema mbele ya kadamnasi, naye anaweza kungoja ubeti wa kujibu akakutunzia usoni. Mgeni ambaye hajaelewa maneno atunze kwenye nyimbo za kusifu na za mapenzi matamu, na macho yake yawe kwa mwimbaji tu. Ukiwa na shaka muulize jirani yako, "huu unasema nini?" Atakuambia kwa furaha, na pengine atakuambia na unamhusu nani.

Halafu, msiache rusha roho kwa kuwa mnataka asilia peke yake. Ni kinanda na magitaa, maneno yake hayafichwi sana, na sauti ni kubwa hadi kifua kinatikisika, lakini ndiko uliko umati. Mtu anayeandika kwamba "taarab inakufa" hajakanyaga huko. Na kwa upande mwengine wapo Tausi, wanawake watupu wanaoimba na kupiga vyombo wenyewe, fidla na udi na vyote. Ukisikia wana onyesho, acha chakula uende.

MsafiriWaMoro

Nashukuru sana wakuu, na wewe dada Bint Ng'ambo. Hilo la macho wakati wa kutunza nisingelijua kamwe.

Mawili yamebaki. Kidumbak naipata wapi, na ni kweli kwamba ni taarab ya wasio na uwezo wa kununua vyombo? La pili, nikirekodi kwa simu kwa matumizi yangu nafanyaje sauti itoke? Nikirekodi ndani ya kumbi huwa napata mngurumo mtupu.

SandukuMoja

La "taarab ya wasio na uwezo" ulisikie ulipite. Ni kweli vyombo vyake ni vichache na vingi hutengenezwa nyumbani, na nyimbo nyingi za taarab huchukuliwa na kidumbak. Lakini ile ni ngoma ya kuchezwa. Taarab unaketi ukasikiliza, kidumbak unainuka. Ukiipima kwa vipimo vya taarab utaona imepungukiwa, na ukiipima kwa kiuno utaona taarab ndiyo iliyopungukiwa.

Vyombo vyake: fidla moja inayoongoza, vidumbak viwili, cherewa, mkwasa, na sanduku. Vidumbak ni ngoma ndogo za udongo zilizowambwa ngozi ya mbuzi, na mpigaji mmoja huvipiga vyote viwili. Kabla ya kuanza huoteshwa moto ili ngozi ikaze. Ukiona kimoto cha makuti au karatasi nyuma ya nyumba, muziki uko karibu. Wakipiga muda mrefu usiku wa umande sauti hulegea, wanasimama, wanaotesha tena. Usidhani wamemaliza ukaondoka. Cherewa ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, mkwasa ni vijiti viwili vifupi vinavyogongwa juu ya meza au ubao.

Sanduku ndilo besi. Asili yake ni sanduku la mbao la kusafirishia chai, limepinduliwa, limesimamishiwa fimbo, na uzi mmoja umefungwa kutoka ncha ya fimbo hadi kwenye sanduku. Mpigaji anauvuta uzi kwa mkono mmoja, na kwa mwengine anaivuta fimbo nyuma kuukaza na kuirudisha kuulegeza. Hakuna alama yoyote ya kumwonyesha sauti iko wapi. Anaitafuta kwa sikio na mkono. Kaa karibu na huyo. Ukiwa mbali unasikia mdundo, ukiwa karibu unasikia kwamba anaimba nyimbo nzima kwa uzi mmoja.

Na kinachowachanganya waliozoea taarab: hakuna kusimama baina ya nyimbo. Wimbo mmoja unaingia ndani ya mwengine, mwendo unazidi kupanda, na hiyo safu inaweza kwenda saa nzima. Kama unataka kutunza usingoje wimbo uishe, hautaisha.

Kuipata: harusi za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na za mashamba, yaani vijijini. Huko kidumbak hupigwa uani au kiwanjani mara nyingi, si ukumbini, kwa hiyo wanaume husimama pembezoni bila taabu, ila wanaocheza ni wanawake na kiwanja ni chao. Omba ruhusa kwa mzee wa nyumba, si kwa wapigaji. Njia ya haraka ni hao hao wa vilabu na wa chuo: wapigaji wa fidla mjini wengi hupiga pande zote mbili, ukiwa umeshakaa nao kwenye mazoezi muulize mmoja wiki hii anakwenda wapi. Panga usafiri wa kurudi tangu jioni na ukubaliane bei ya kwenda na kurudi pamoja na kungoja. Usiku mkubwa daladala hakuna, na dereva unayemkamata shamba saa saba usiku ndiye anayepanga bei.

Usimalize siku kumi zako Mji Mkongwe peke yake, hilo nakusihi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, alizaliwa Fumba, shamba, na umaarufu wake aliujengea Ng'ambo. Kabla yake taarab ya ikulu, tangu Sultan Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim kusomea kanuni Cairo, iliimbwa Kiarabu. Daraja lilivukwa kutokea ng'ambo ile.

FundiKanuni

La kurekodi. Kwanza ruhusa, na ruhusa ni ya katibu kwa klabu na ya mwenye shughuli kwa harusi. Mwambie wazi ni ya kusikiliza nyumbani. Kuiweka mtandaoni ni jambo jengine: tungo zina wenyewe, na Zanzibar ina chombo chake cha hakimiliki, COSOZA. Usichanganye ruhusa mbili.

Mngurumo unaoupata una sababu mbili. Umekaa karibu na spika au kona, na simu inajipunguzia sauti yenyewe kila besi ikipiga, ndipo unasikia wimbo unapanda na kuzama kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kupanga kiwango mwenyewe na kuzima huko kujirekebisha. Kishushe mpaka sehemu ya juu kabisa ya wimbo ibakishe nafasi; rekodi ya chini huinuliwa nyumbani, iliyopasuka haitibiki. Jipime wakati wa kiitikio, si wakati wa bashraf, maana kiitikio ndicho kikubwa.

Simu iweke hali ya ndege, la sivyo utapata ule mlio wa mtandao juu ya kanuni. Usiishike mkononi, vidole vinasikika, na usiilaze juu ya meza moja na mpiga mkwasa wala sakafuni pamoja na besi. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiti kitupu, hatua tatu nne mbele ya vyombo, mdomo wa mikrofoni ukielekea kati ya kanuni na fidla. Uwanjani upepo wa bahari ni adui. Soksi safi nyembamba juu ya mikrofoni inasaidia sana. Rekodi kwa mafungu, wimbo kwa wimbo, ili betri ikikatika usipoteze usiku mzima. Adhana ikitolewa muziki husimama. Nawe zima.

BarazaLaVuga

Hapo pa hoteli FundiKanuni kanishinda kidogo: ikiwa ni vyombo vitupu na hakuna spika, nakubali, usiku mmoja.

Hatujamuuliza Msafiri anakuja lini, na hilo linaweza kuvuruga yote. Mwezi wa Ramadhani hakuna kitu: vilabu vimefunga, harusi hakuna, hoteli zenyewe huzima. Na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, usitumie kalenda ya mwaka jana. Wiki za kabla yake harusi hufululiza, watu wanawahi, basi hapo kuna muziki kila upande lakini mazoezi ya vilabu huyumba. Siku za Idi zote mbili kuna maonyesho ya hadhara. Februari kuna Sauti za Busara, tangu mwaka 2004, jukwaa lake kuu Ngome Kongwe, na sharti lao ni kwamba kila anayepanda apige laivu. Ila mji hujaa na vyumba hupanda bei, kamata chumba mapema. Wiki hiyo wapigaji wengi wa mjini wamebanwa na tamasha, usitegemee mazoezi ya klabu.

Nguo: suruali ndefu au kanzu, na kama umefuatana na mwanamke, mabega na magoti yafunikwe. Kaptura inakufungia baraza hata kabla hujatoa salamu.

MsafiriWaMoro

Nakuja wiki ya pili baada ya Idi ndogo, wakuu. Nafika kwa boti ya mchana siku ya Alhamisi.

BintNgambo

Basi umeangukia pazuri, harusi zimeshafunguka. Alhamisi hiyo hiyo alasiri weka mzigo, oga, pita Vuga utoe salamu, usiombe chochote. Ijumaa asubuhi nenda chuoni uandikishe dumbak kabla hawajafunga kwa sala. Ijumaa usiku ndiyo ya hoteli yenu hiyo isiyo na spika. Jumamosi na Jumapili alasiri usikae ndani: toka mpaka Ng'ambo, tembea pole pole, na ukisikia tarumbeta kata njia uifuate.

SandukuMoja

Na Jumatatu rudi Vuga. Watakuwa wameshakujua kwa uso.